Landrova yenye injini ya kipanya

Nina ugomvi na watu ambao wakisikia kuna mtu anafufua gari la zamani, swali lao la kwanza ni moja tu: "Ni orijino?" Hawaulizi kama linawaka. Hawaulizi kama linasimama ukikanyaga breki. Wanataka kujua kama injini ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, kama rangi ni ile ile, kama hata bolti za bampa ni za Mwingereza. Ukiwajibu kwamba hapana, limebadilishwa badilishwa, wanakutazama kwa huruma kama mtu aliyeuziwa simu feki Kariakoo.

Basi mimi nasema wazi. Kwa magari yetu ya zamani, haya yaliyokula kazi Tanzania miaka arobaini na zaidi, hilo "orijino" ni kipimo cha kuazima. Linatumalizia pesa, na kibaya zaidi linatufanya tukodoe macho mahali pasipo na hatari huku hatari yenyewe ikiwa imelala chini ya kiti.

Gari ninalolisema lipo Tabata, uani kwa mjomba wangu, chini ya mwembe. Ni Landrova 109, Series III, pikapu. Kwa sisi tuliokulia kwenye Vitz na Corolla, somo dogo: hiyo 109 ni inchi, umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na ni mjukuu wa Landrova ya kwanza iliyoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Kabla serikali yetu haijaonja utamu wa shangingi, hili ndilo lilikuwa gari la bwana mkubwa. Mkuu wa wilaya, bwana shamba, daktari wa misheni, wote walipanda Landrova, na wote walishuka wakishika kiuno.

Bodi yake ni ya aluminiamu, kwa hiyo ukilitazama kwa mbali unasema gari zima kabisa. Ujanja wa Landrova uko hapo hapo. Chesisi ni chuma. Ule ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva ni chuma. Na pale aluminiamu na chuma vinapogusana, unyevunyevu wa Dar ukaingia katikati, aluminiamu nayo inaanza kuliwa na kugeuka unga mweupe. Unaweza kuwa na bodi ya kupigia picha ya harusi juu ya chesisi unayoweza kuitoboa kwa bisibisi.

Kazi imeanza miezi minane iliyopita, Jumamosi kwa Jumamosi, ninapokuwa sina zamu chumba cha habari. Fundi wetu ni mzee wa miaka sitini na kitu, ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzunguka gari zima na nyundo ndogo akigonga chesisi huku ameinamisha kichwa kama daktari wa watoto. Chuma kizima kinalia. Chuma kilichooza kinajibu "pu". Alipopata "pu" alichora duara kwa chaki, na alipomaliza, upande wa kushoto ulikuwa na maduara mengi kuliko chuma.

Tulikuta viraka juu ya viraka. Kila mmiliki aliyepita alibandika bati juu ya kutu na kupaka lami, akauza gari kwa mwenzake. Mahali pamoja, karibu na kibanio cha springi ya nyuma, tulihesabu mabati manne. Fundi alikata yote mpaka akafika kwenye chuma cha kweli, ndipo akaanza kuchomelea kuja nje. Mikono ya chesisi inayobeba bodi imebadilishwa mitatu, na mtambaa wa nyuma umetengenezwa upya. Hiyo ni miezi minne na nusu.

Na hapo ndipo majirani walipoanza maneno. Kila Jumamosi kuna anayechungulia ukutani na kuuliza, "Mbona halina maendeleo?" Wanaona gari lile lile, limechubuka rangi ile ile ya kijani iliyopauka, halina milango. Mjomba akaanza kuingiwa na aibu. Akataka tupige rangi kwanza, hata kama ni bodi tu, "watu waone tunafanya kazi." Fundi akamjibu kwa upole kwamba rangi anaweza kuipiga kesho, ila keshokutwa itabidi aikwangue ili achomelee. Mjomba akanyamaza, lakini nilimwona hajaridhika. Sisi Wabongo maendeleo tunayataka yang'ae. Barabara ifunguliwe, utepe ukatwe, mtaro tutauchimba baadaye.

Sasa fungua boneti. Humo hakuna injini ya Landrova. Kuna Toyota 3L, dizeli ya 2779 cc, ndugu wa damu wa zile zilizokuwa kwenye Hiace za daladala, yaani vipanya. Ukiliwasha, gari la bwana shamba linanguruma kama linasubiri abiria wawili wa mwisho liondoke kwenda Mwananyamala.

Injini hiyo iliwekwa Arusha mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati gari likiwa la mtu aliyekuwa akibeba mahindi na mbuzi kutoka minadani. Sababu zake hazihitaji digrii kuzielewa. Injini ya awali ilikuwa ya petroli, 2286 cc, nguvu za farasi takriban 70 ilipokuwa mpya, na huyu bwana aliikuta imeshachoka. Ilikunywa mafuta kama harusi ya mtu tajiri. Spea zake zilikuwa za kutafuta kwa tochi, ilhali spea za Hiace zipo mpaka kwenye duka linalouza pia sukari na vocha. Mtu anayelala Monduli gari likiwa na mbuzi kumi na wanne juu hahitaji kumbukumbu ya Malkia. Anahitaji pampu ya maji kesho asubuhi.

Lakini injini ya Mjapani haikai kwenye giaboksi ya Mwingereza kwa kuombwa. Mashimo ya bolti hayalingani. Shafti ya giaboksi haiingii mahali pake nyuma ya injini. Fundi yule wa Arusha alikata bamba nene la chuma, upande mmoja akatoboa mashimo ya Toyota na upande wa pili ya Landrova, kisha mkereza vyuma akatengeneza bushi ya katikati ili vitu viwili visivyojuana vizunguke kwenye mstari mmoja. Ukikosea hapo hata kwa unene wa ukucha, giaboksi italia na baadaye itavunjika. Haijavunjika kwa miaka ishirini. Tena dizeli, tofauti na petroli ya kabureta, hurudisha mafuta yaliyobaki kwenye tangi, kwa hiyo ilibidi aongeze bomba la kurudishia hadi kwenye tangi la chini ya kiti. Bomba la rejeta ameliunga kutoka vipande viwili vya magari tofauti. Hakuna mchoro na hakuna kompyuta. Mimi nimekaa chuo kikuu miaka mitatu nikiandika insha kuhusu "teknolojia muafaka", na sikuwahi kuonyeshwa mfano mzuri kama lile bamba.

Mwezi uliopita akaja jamaa na habari za kumvuruga mjomba. Kuna injini orijino ya petroli, inauzwa Morogoro, imetoka kwenye gari la shirika fulani lililokaa stoo. Tuichukue, tutoe hili "likipanya", tulirudishe gari kwenye asili yake. Litapanda bei, akasema, Wazungu wanayatafuta. Mjomba macho yakamng'aa. Akanivuta pembeni akaniambia, "Mjomba, wewe umesoma, hebu fikiria. Tukilirudisha kama lilivyotoka Uingereza, si litakuwa na heshima?"

Nimefikiria. Huko ulikotoka huu ugonjwa wa orijino, sababu zao ninazielewa. Mwaka 2016 kampuni yenyewe ya Land Rover ilianzisha mpango wa kutafuta Series I kuukuu, kuzivua hadi mfupa na kuzirudisha zilivyokuwa siku zilipotoka kiwandani, kwa ajili ya wateja wenye fedha zao. Mwaka huo huo, mwezi Januari, ilifunga ukurasa wa Defender ya zamani pale Solihull. Ukishaacha kutengeneza kitu, unaanza kuuza kumbukumbu yake. Hakuna ubaya.

Kuna pia shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA. Ufafanuzi wao wa gari la kihistoria ni kwamba liwe na miaka 30 au zaidi, litunzwe katika hali sahihi ya kihistoria, na lisiwe chombo cha usafiri wa kila siku. Soma tena hilo la mwisho. Lisiwe chombo cha usafiri wa kila siku! Kwa kipimo hicho, Landrova zote zinazopanda Loliondo na Ngorongoro kila siku ya mnada, watu ndani, watu juu, jerikeni nyuma na mbuzi katikati, si historia. Zitakuwa historia siku zitakapokufa. Nachukia kusema hivyo, lakini kwetu gari la zamani lililofungiwa bandani ni gari lililoshindwa. Lililo kazini ndilo linaloheshimiwa.

Kwa haki niseme pia kwamba shirikisho hilo hilo lilipitisha Hati ya Turin mwaka 2012, ambayo inatambua kwamba mabadiliko yaliyofanyika gari likiwa kwenye maisha yake ya kazi nayo ni sehemu ya historia yake. Kumbe hata wao wanajua. Ni sisi huku tunaoshika dini kuliko aliyeileta.

Waliokuwa Arusha Oktoba 2024, kwenye lile tamasha la Land Rover, waliona mamia ya magari haya yakipita kwa msafara. Picha tu za siku ile zinatosha kukuonyesha taa za gari jingine, vyuma vya kubebea mizigo vilivyochomelewa mtaani, bampa ambazo hakuna kiwanda kingezikubali. Watu walijaa barabarani kushangilia. Hakuna aliyeinama kukagua namba ya injini.

Kwa hiyo jibu langu kwa mjomba lilikuwa: tukiweka injini ya Morogoro tutakuwa na gari linalofanana na maelfu mengine duniani, tena nakala isiyo kamili, kwa sababu kiti, milango na dashibodi vimeshatoka magari mengine. Tukiacha 3L, tuna gari moja tu la aina yake, ambalo historia yake inasomeka ukifungua boneti: misheni au serikali kwanza, kisha mnada wa mbuzi, kisha mwembe wa Tabata.

Hapa naomba nisieleweke vibaya, maana najua kuna mafundi na wapenzi wa magari watanirukia. Sisemi kila kilichobadilishwa kibaki. Kuna mabadiliko ya shida na kuna mabadiliko ya mbwembwe. Rimu za kung'aa zenye tairi nyembamba kama mkanda wa suruali kwenye Landrova, hizo ni mbwembwe, na zikitolewa hata gari lenyewe litashukuru. Taa za bluu chini ya bodi, honi ya basi la mkoani, toeni. Waya zilizoungwa kwa kuzungushiwa nailoni bila fyuzi, hizo si mbwembwe wala si shida, ni moto unaosubiri siku.

Na hata mabadiliko ya shida yana deni. Hapa ndipo ninapokosana na watu wa upande wangu mwenyewe, wale wa "gari linatembea, shida iko wapi?" Injini iliyopo sasa ina nguvu za farasi karibu 90, na inaweza kukaa kwenye mwendo wa 90 kwa saa bila kulalamika. Breki zake ni zile zile za zamani: dramu magurudumu yote manne, masta silinda ya njia moja, na hakuna kifaa cha kuusaidia mguu. Hesabu ya fizikia ya sekondari inasema nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza hupanda kwa mraba wa mwendo. Kutoka 60 hadi 90 kwa saa mwendo umeongezeka kwa nusu, lakini kazi ya breki imezidi mara mbili na robo. Ongeza tani ya mahindi. Ongeza mteremko. Na hiyo njia moja maana yake bomba likipasuka gurudumu moja, magurudumu yote manne hayana breki. Aliyeongeza injini na kuacha breki amefanya nusu ya kazi, na ile nusu iliyobaki ndiyo inayoandikwa kwenye kurasa zetu za ndani: "dereva alishindwa kulimudu gari". Nimeandika sentensi hiyo mara nyingi mno kwa mtu wa umri wangu. Mara chache sana kuna mtu anayeuliza breki zilikuwa na hali gani.

Ndiyo maana nilisema pesa ya injini ya Morogoro iende chini. Na hapo tukakutana na jambo lililomfanya fundi acheke peke yake kwa dakika nzima. Kifaa cha kuongezea nguvu ya breki kinahitaji vakyumu. Injini ya petroli huitoa yenyewe inapovuta hewa. Dizeli haiitoi, inahitaji pampu yake. Sasa, hizi injini za Hiace zina pampu ndogo ya vakyumu nyuma ya alteneta, kwa ajili ya breki za Hiace. Fundi akainama na tochi, akapapasa nyuma ya alteneta, na ilikuwapo. Mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa bolti na kipande cha mpira. Miaka ishirini ile pampu imekuwa ikizunguka bure, dawa ya ugonjwa wa gari ikiwa ndani ya gari. Tungeing'oa injini kwa ajili ya heshima, tungeitupa nayo.

Tumefunga masta silinda ya njia mbili, kifaa cha vakyumu, silinda mpya za magurudumuni na mabomba mapya kutoka mbele hadi nyuma. Dramu zimekerezwa. Majirani hawajaona hata kimoja.

Kitu kingine ambacho hakionekani ni daftari. Kitabu cha Haynes cha Series III tunacho, kimejaa oili, na ni kizuri kweli, ila hakina ukurasa hata mmoja kuhusu gari hili tulilonalo. Hakijui 3L. Hakijui lile bamba. Klachi ikiisha, sahani yake ni ya gari gani? Bomba la rejeta la juu ni la nini? Aliyekuwa akijua ni fundi wa Arusha, na tulipompigia simu mwanawe kutaka kuuliza, tuliambiwa mzee alifariki miaka mitano iliyopita. Kijana anafanya biashara ya simu. Hakuwa anajua kwamba baba yake aliwahi kuunganisha Landrova na Toyota.

Tangu hapo kila kitu kinachofunguliwa ninakipima, ninakipiga picha, ninakiandika: kipenyo cha bushi, unene wa bamba, umbali kati ya mashimo, aina ya sahani ya klachi, ukubwa wa kila nati iliyotoka gari jingine. Mzee wetu mwanzoni aliniona kama ninamchunguza. "Wewe mwandishi unataka kuniandika gazetini?" Siku hizi ananisubiri. Akikaza bolti anataja namba ya spana kwa sauti, kisha anageuka kuangalia kama kalamu inatembea.

Limebaki suala la kadi. Kadi ya gari bado inasema petroli, na namba ya injini iliyoandikwa humo ni ya injini iliyokwishauzwa chuma chakavu zamani. Mmiliki wa kwanza kubadili hakwenda TRA, wa pili hakwenda, wa tatu naye vivyo hivyo. Trafiki mkali akifungua boneti ana haki ya kuuliza, na kampuni ya bima siku ya ajali itauliza zaidi. Risiti ya injini haipo. Mjomba ameanza kukusanya karatasi: mkataba wa mauziano, barua ya serikali ya mtaa, picha ya namba iliyogongwa kwenye injini. Kazi hiyo nayo haing'ai.

Jumamosi hii tunatoa hewa kwenye breki. Mimi nitakuwa juu nikikanyaga pedali na kuachia kwa amri, mzee atakuwa chini na chupa ya maji na kimpira. Rangi itasubiri masika yaishe, maana hatuna banda. Mjomba amekubali kwa shingo upande, ila ametaka angalau milango irudi ili majirani wapunguze maneno. Yule jamaa wa Morogoro ameambiwa injini amtafutie mtu mwingine.